Kisumu Ilikuwa Uganda, Kabla Hujaniuliza Mimi ni wa Wapi

Tarehe 20 Desemba 1901, mama mmoja wa Kizungu, Florence Preston, alipiga nyundo msumari wa mwisho wa reli hapa kando ya ziwa. Mume wake, Ronald, ndiye alikuwa injinia wa kutandaza hiyo reli. Ndiyo maana mji wetu ukaitwa Port Florence kwa muda. Hiyo stori wengi wenu mnaijua. Sehemu ambayo wengi hawaijui ni kwamba siku hiyo Florence hakuwa Kenya. Alikuwa Uganda. Mpaka wa Uganda wakati huo ulikuwa huko Bonde la Ufa, upande wa Naivasha, na Kisumu yote ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Reli ya Uganda ilifika Uganda kweli, haikudanganya mtu.

Halafu tarehe 1 Aprili 1902, Waingereza wakahamisha mkoa wote wakauweka Afrika Mashariki ya Kiingereza, ile ambayo baadaye iliitwa Kenya. Aprili mosi, na haikuwa mzaha wa Siku ya Wajinga. Mzee aliyelala Uganda usiku wa Machi 31 aliamka kwingine. Ng'ombe wake walewale, ziwa lilelile, mke anamsalimia kwa Kiluo kilekile. Hakuna aliyemuuliza.

Naanza na hii kwa sababu nimechoka na swali moja. "Wewe ni wa wapi?" Huku kwetu ukijibu "Kisumu" mtu anakuangalia kama umekwepa. "Hapana, wa wapi *kabisa*?" Hilo swali moja limebeba maswali matatu, na tunayajibu kama ni moja. La kwanza ni asili: waliokuzaa, na waliowazaa hao, walitoka wapi. La pili ni kabila: ni watu gani unaoishi nao kama wako, kwa lugha, kwa ndoa, kwa mazishi, na wao wanakukubali. La tatu ni uraia: serikali gani inakutambua kama mtu wake kisheria. Asili huwezi kuibadilisha, imeshatokea. Kabila hubadilika polepole, vizazi kwa vizazi. Uraia unaweza kubadilika kwa saini moja ukiwa umelala, muulize huyo mzee wa 1902.

Tuchukue mtu mnayemjua. Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico City mwaka 1983, wakati babake, Profesa Anyang' Nyong'o, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wetu, alikuwa akifundisha huko. Mexico inampa uraia mtoto yeyote aliyezaliwa kwenye ardhi yake. Kwa hivyo Lupita ni raia wa Mexico. Ni raia wa Kenya pia, kupitia wazazi. Asili yake ni Seme, hapa tu. Kabila lake ni Mluo, na ukimsikia akiongea Kiluo huna swali. Aliposhinda Oscar mwaka 2014, Wakenya na Wamexico walivutana huko mitandaoni, kila upande ukisema ni wetu. Na kusema ukweli pande zote mbili zilikuwa sawa, kwa sababu zilikuwa zinajibu maswali tofauti. Wamexico hawakusema yeye ni Mhispania. Walisema ni raia mwenzao. Sisi tulikuwa tunasema damu.

Sasa mgeuze upande wa pili, Obama. Nilikuwa mdogo sana 2008 lakini kila mtu Nyanza anajua ile sikukuu tulipewa, Novemba 6, nchi nzima ikafunga kazi kwa sababu Mmarekani ameshinda uchaguzi Marekani. Obama alizaliwa Honolulu mwaka 1961, na wale wanaoendelea kusema alizaliwa Kogelo tafadhali waache. Lakini angalieni sheria ilivyofanya kazi. Babake alikuwa chini ya utawala wa Uingereza, kwa hivyo mtoto alirithi hadhi hiyo ya Kiingereza. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, katiba mpya ikawageuza watu kama babake kuwa Wakenya, na mtoto aliyekuwa Hawaii akageuka naye. Akawa Mkenya akiwa na miaka miwili, bila kukanyaga Kenya. Katiba hiyohiyo ilikataa uraia wa nchi mbili kwa watu wazima, na ilitoa muda mpaka ufikishe miaka 23 uchague. Obama hakuchagua chochote. Tarehe 4 Agosti 1984, siku yake ya kuzaliwa, uraia wa Kenya ukayeyuka. Hakuna sherehe, hakuna barua.

Je, asili yake ya Kogelo iliyeyuka siku hiyo? Wapi. Nyanya yake wa kambo alibaki Kogelo, kaburi la babake liko Kogelo. Na si Kogelo tu. Kwa upande wa mamake kuna babu wa mbali aliyetoka kijiji cha Moneygall, Ireland, na Obama alienda huko Mei 2011 akanywa bia na wanakijiji. Sasa hivi kuna kituo kikubwa cha mafuta na chakula hapo barabarani kimepewa jina lake. Wale watu wa Moneygall ni kama sisi kabisa! Lakini hakuna Mmarekani hata mmoja anayedhani Obama ni Mwairish kwa kabila, wala Mluo kwa kabila. Kwa kabila, kama tunatumia hilo neno kwa maana yake halisi ya watu ulioishi nao wakakuita wao, yeye ni Mmarekani mweusi wa Chicago. Hapo aliingia mwenyewe, akiwa mtu mzima, kwa kuishi na kuoa.

Najua mtu atasema: kabila huingii, unazaliwa nalo. Haya. Nenda Rusinga na Mfangano. Abasuba ni Wabantu, asili yao ni ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda, walivuka kwa mitumbwi karne ya 18. Wakakaa na Waluo, wakaoa Waluo, watoto wakaongea Kiluo, na leo lugha ya Olusuba imebaki na wazee wachache kiasi kwamba watu wa Mfangano wameanzisha redio ya kuiokoa. Muulize kijana wa Rusinga kabila lake, wengi watakwambia Mluo, na si uongo. Wengine watakwambia Msuba, na si uongo pia. Asili ni moja, kabila linategemea umeuliza mwaka gani.

Ama tuje upande wa mamangu. Mama ni Munyala wa Port Victoria, kule Budalang'i, na siku hizi Munyala ni Mluhya, imekwisha. Lakini jina "Luhya" lenyewe lilianza kushika miaka ya 1930 na 1940, pale vyama vya kisiasa vilipoona kwamba koo nyingi ndogo zikisimama pamoja zitasikika. Kabla ya hapo mkoloni alituita sote Wakavirondo, Waluo na Waluhya pamoja, kwenye gunia moja. Sisemi Waluhya ni wa kubuni. Watu ni wa zamani, mila ni za zamani, jina la kuwaunganisha ndilo la juzi.

Na kuna upande mwingine wa hii sarafu, unaouma. Mwaka 1987 nchi nzima ilisimama kufuatilia kesi ya maiti. S. M. Otieno, wakili wa Nairobi, alifariki Desemba 1986. Mkewe, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika kwenye shamba lao huko upande wa Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, Mluo anazikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Wambui akaieleza mahakama kwamba mumewe aliishi maisha ya kisasa. Mahakama ikaamua, na Mei 1987 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana, kwamba mtu hawezi kuvua mila za kabila lake kama koti kwa sababu amesoma na anaishi mjini. Akazikwa Nyalgunga. Mimi nadhani Wambui alionewa, na najua baba zangu wadogo wakisoma hii nitapigiwa simu. Ila tazama kitu cha ajabu: kwa sheria za Kenya za wakati huo, Obama aliweza kupoteza uraia bila kujua, lakini Otieno hakuweza kuacha kabila hata baada ya kufa.

Sasa hapo ndipo hii mada inaacha kuwa ya kufurahisha.

Kujenga ile reli, Waingereza walileta vibarua karibu 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa. Wengi wa waliobaki walirudi kwao, na kama 6,700 wakabaki. Wengine walikuja wenyewe, wafanyabiashara na mafundi. Hapa kwetu wakulima wa Kihindi walipata mashamba Kibos na kuelekea Muhoroni, wakapanda miwa. Ukipita Miwani ujue ule mchezo wa sukari haujaanza jana.

Ilipofika uhuru, katiba iliwaambia hivi: kama ulizaliwa Kenya na mzazi wako mmoja alizaliwa Kenya, wewe ni raia moja kwa moja. Kama ulizaliwa hapa lakini wazazi wote walizaliwa India, una miaka miwili ya kuomba. Wengi hawakuomba. Waliogopa, ama walingoja waone hali, na walikuwa na pasipoti za Uingereza mkononi. Nani angejali? Pasipoti ni pasipoti. Mwaka 1967 Kenya ikapitisha sheria mbili, ya uhamiaji na ya leseni za biashara, na ghafla asiye raia alihitaji kibali cha kazi, na biashara zikafungwa kwake maeneo mengi. Dukawala wa Kisumu akachukua pasipoti yake ya Uingereza akasema sawa, naenda Uingereza.

Uingereza ikafunga mlango. Serikali ya Harold Wilson ilipitisha sheria mpya kwa siku chache tu, ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Machi 1968. Ilisema kwamba mwenye pasipoti ya Uingereza kutoka makoloni haingii bila kibali, isipokuwa yeye mwenyewe, mzazi wake au babu yake awe alizaliwa Uingereza au alipata uraia hukohuko. Soma tena pole pole. Mzungu aliyezaliwa Nakuru mwenye babu wa Leeds anaingia. Muhindi aliyezaliwa Kisumu, mwenye pasipoti ya rangi ileile, haingii. Hawakuandika neno "rangi" popote. Waliandika "babu". Walichukua swali la uraia wakalijibu kwa asili. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema ule ulikuwa ubaguzi wa rangi unaodhalilisha utu. Kwa waliokuwa wamelala kwenye viwanja vya ndege vya Ulaya, wakirushwa nchi hii na ile, ilikuwa imechelewa.

Kwa hivyo Kenya iliwaambia si raia, Uingereza ikawaambia si wazawa, na India ikasema hizo si pasipoti zangu. Asili India, makazi Kenya, karatasi Uingereza. Wangekuwa na majibu matatu kwa swali la "wewe ni wa wapi" na hakuna hata moja lililofungua mlango.

Usidhani hii ni ya zamani. Italia, kwa sheria yake ya 1992, ilikuwa inampa uraia mjukuu wa kitukuu huko Argentina ambaye hajui kuomba maji kwa Kiitaliano, bora tu athibitishe kwamba babu wa zamani aliondoka akiwa Mtaliano. Wakati huohuo, mtoto wa wahamiaji aliyezaliwa Roma, anayeongea Kiitaliano cha Roma, anangoja mpaka afike miaka 18 ndipo aombe. Mwaka 2025 wamebana kidogo, sasa kwa kawaida wanaangalia mzazi au babu na bibi tu. Upande wa mtoto wa wahamiaji haukulegezwa. Juni mwaka huohuo walipiga kura ya maoni ya kupunguza miaka ya kungoja kwa wageni wazima kutoka 10 hadi 5, na watu wachache mno wakajitokeza, ikaanguka.

Kabla hujawacheka Wataliano, sisi wenyewe tunafuata damu. Watu wengi wanadhani ukizaliwa hospitali ya Kenya basi wewe ni Mkenya. Hapana. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema wewe ni raia wa kuzaliwa kama siku uliyozaliwa mama au baba yako ni raia, haijalishi ulizaliwa wapi. Kabla ya 2010, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi aliupata kwa baba tu, mama hakuhesabika. Hiyo sasa tumerekebisha, na uraia wa nchi mbili umeruhusiwa. Lakini kabila haliko kwenye kifungu cha 14 hata kidogo. Kisheria hauhitaji kuwa na kabila ili uwe Mkenya.

Kwa vitendo je? Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016 ndipo wakatambuliwa, wakaitwa kabila la 43. Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kabila la 44. Watu walifurahi, na hata mimi naelewa furaha hiyo. Ila fikiria. Sensa ya 2009 ilikuwa tayari imewahesabu Waasia raia wa Kenya 46,782, mbali na Waasia wasio raia 35,009. Serikali ilijua tofauti. Shakeel Shabbir alikuwa ameshakuwa meya wa Kisumu, na tangu 2007 tulikuwa tunampigia kura aende bungeni, sisi Waluo wenyewe. Alihitaji kabila la namba kufanya nini? Na Goan, Singasinga, Mhindu wa Gujarati na Ismailia si kabila moja, hawajawahi kuwa. Tuliwapa kabila kwa sababu hatujui njia nyingine ya kumwambia mtu karibu nyumbani.

Wanubi ndio wananiuma zaidi, kwa sababu hapo naona watu wa umri wangu. Mababu zao walikuwa askari kutoka Sudan, wa makabila tofauti, walioandikishwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19 na kupigana vita vyao huku. Unubi wenyewe ulizaliwa kambini: lugha yao, Kinubi, ni Kiarabu kilichochemshwa na lugha za Sudan Kusini mpaka kikawa kitu kipya. Walipostaafu hawakurudishwa kwao. Waliwekwa Kibra, na hapa kwetu Kibos. Na kwa kuwa mkoloni aligawa ardhi kwa kabila, na wao hawakuwa kwenye orodha yake, hawakupata ardhi ya kabila. Uhuru ukaja, orodha ikabaki.

Miaka na miaka kijana wa Kinubi akifika 18 hapewi kitambulisho kama wengine. Anapelekwa mbele ya kamati ya kumchuja, wazee na maafisa, athibitishe babu yake. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya uraia. Februari 2021, wakati wa korona, nyumba za Wanubi wa Kibos zilibomolewa, kwenye ardhi ambayo Shirika la Reli lilisema ni yake. Reli ileile. Februari 2025 Rais Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kwamba mchujo wa ziada unaisha kwa kaunti za mpakani kaskazini. Tangazo ni zuri. Kibos haiko kaskazini.

Sasa nipe dakika moja, msomaji wangu Mluo. Wazee wetu wanasema tulitoka wapi? Bahr el Ghazal. Iko nchi gani? Sudan Kusini. Sisi tuliteremka na Nile karne kadhaa zilizopita kwa miguu yetu, tukifuata malisho. Wanubi waliteremka na Nile hiyohiyo wakiwa na bunduki za mwingine. Kiluo kina neno *jadak*, mtu anayeishi kwenye ardhi ya ukoo usio wake. Analima, anazaa, anazika, lakini kwenye mkutano wa ardhi hapewi kiti. Jadak anaweza kukaa vizazi vitatu na bado akaitwa jadak pale tu mnapogombana. Serikali yetu imefanya kitu kama hicho kwa watu wazima waliozaliwa hapa na wazazi waliozaliwa hapa.

Niliyekuwa nimekaa naye dawati moja Form Two ni Mnubi. Tulifika miaka 18 mwaka mmoja. Yeye alizungushwa kwa ofisi, leta cheti cha babu, leta shahidi, rudi wiki ijayo, na akakipata kitambulisho akiwa na miaka 20 na kitu. Muda huo wote laini yake ya simu ilikuwa kwa jina la dadake, kazi ya mkataba ikampita, mkopo wa chuo ukampita.

Changu nilikipata kwa wiki chache. Nyanya mzaa mama alizaliwa Majanji, Uganda, akaolewa Port Victoria akivuka kwa mtumbwi. Kwenye ile ofisi niliulizwa jina, tarehe ya kuzaliwa na jina la chifu. Hakuna aliyeuliza kuhusu Majanji.